Barakoa ya Gesi: Kinga Isiyoijua Sumu Si Kinga



Neno barakoa ni la zamani katika Kiswahili. Watu wa pwani na wa Omani walilitumia kwa kile kifuniko cha uso wavaacho baadhi ya wanawake, na katika mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipoingia Uganda, kila nyumba ililazimika kuwa na barakoa yake. Juma hili twakusudia kuzungumza juu ya barakoa ya namna nyingine, yaani ile ya askari, iliyobuniwa ili mtu apate kuvuta pumzi mahali palipotiwa sumu. Huenda mama wa nyumbani akauliza: mambo ya vita yanahusu nini jikoni mwangu? Yanahusu sana. Vitu vilivyotumika katika barakoa za kwanza vilitoka jikoni na mahali pa kufulia, na dhana iliyowaponza askari wa zamani ingali inawaponza watu katika vyumba vya kulala hapa Kampala.

Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915

Katika Vita Kuu ya Kwanza, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi 5,730 iliyojaa gesi ya klorini, uzito wake ukiwa kama tani 150. Upepo uliisukuma gesi hiyo kuelekea mistari ya Wafaransa, ambako miongoni mwa askari walikuwamo wana wa Afrika kutoka Algeria. Klorini ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo haikupaa kama moshi wa kuni, bali ilitambaa juu ya ardhi na kuteremka ndani ya mahandaki. Aliyejilaza chini ili kujificha ndiye aliyeivuta zaidi.

Siku hiyo hapakuwa na kinga yoyote. Katika siku zilizofuata askari waliagizwa wafunge puani na mdomoni kitambaa kilicholowa maji, au hata mkojo. Muda si muda Waingereza walitoa utaji mweusi wenye pamba ndani yake, uliochovywa katika maji yenye magadi ya kufulia, chumvi ile itumiwayo na wapiga picha katika kusafishia filamu, na glisirini ya kuzuia pamba isikauke. Chumvi hizo zilikutana na klorini na kuibadilisha kabla haijafika kifuani. Basi tazama, ndugu msomaji: kilichomwokoa askari hakikuwa kitambaa, bali ile dawa iliyokuwamo ndani ya kitambaa.

Mfuko wa daktari

Utaji huo ulikuwa na kasoro: ulilegea upesi na kuyaacha macho wazi. Daktari Cluny Macpherson, wa kikosi cha askari wa Newfoundland, akabuni mfuko wa flaneli uliofunika kichwa chote, wenye kidirisha cha kuonea, ncha zake zikiingizwa ndani ya koti. Mfuko huo nao ulichovywa katika dawa ya kuzuia klorini, na katika mwaka huo huo wa 1915 uligawiwa kwa askari wa Kiingereza kwa mamilioni.

Lakini adui naye hakulala. Tarehe 19 Desemba 1915 Wajerumani waliwarushia Waingereza gesi ya fosijeni, ambayo ni kali kuliko klorini, na ambayo aliyeivuta huweza kujiona mzima kwa saa kadhaa kisha akaanguka. Dawa ya klorini haikuweza kuizuia fosijeni. Ilibidi mfuko uchovywe katika dawa nyingine, na baadaye ikaongezwa nyingine tena juu yake. Kila sumu ilidai jibu lake, na jibu la sumu ya jana halikufaa kitu kwa sumu ya leo.

Makaa ya vifuu

Ufumbuzi ulio bora ulipatikana katika kitu ambacho kila mama wa Kampala anakijua, nacho ni makaa. Mapema, mnamo mwaka wa 1854, mkemia John Stenhouse wa Uingereza alikwisha tengeneza barakoa yenye unga wa makaa. Wakati wa vita Profesa Nikolai Zelinsky wa Urusi aliyatumia makaa kwa ajili ya askari wa nchi yake, na Waingereza nao wakatoa mwaka 1916 barakoa ya kisanduku. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Edward Harrison, mfamasia aliyejiandikisha jeshini akiwa na umri mkubwa kuliko uliotakiwa, na aliyefariki Novemba 1918, siku chache tu kabla ya vita kwisha.

Barakoa hiyo ilikuwa na sehemu zifuatazo. Kwanza, kifuniko cha uso cha kitambaa kilichopakwa mpira, chenye miwani miwili. Pili, kibanio cha kuziba pua, ili askari asisahau akavuta hewa kwa pua. Tatu, kipande cha mpira cha kushikwa kwa meno. Nne, bomba lililoteremka hadi kwenye kopo lililotiwa ndani ya mkoba wa kifuani. Kopo hilo ndilo moyo wa chombo, kwa kuwa lilijazwa makaa pamoja na punje za chokaa iliyochanganywa na dawa. Hewa iliyotolewa ilipita katika vali yake ya pekee.

Makaa hayo si sawa na ya gunia. Huchomwa tena kwa joto kali na kupitishiwa mvuke, hata yakawa na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu, ikiwa vitundu vyake vyote vingekunjuliwa, ingeweza kufunika zaidi ya mita 500 za mraba, yaani kupita uwanja wa netiboli. Gesi inapopita hunasa humo. Makaa yaliyo bora yalipatikana kutoka kwa vifuu vya nazi, vile vile ambavyo ndugu zetu wa pwani huvitumia kwa kuni. Mwaka 1918 wananchi wa Marekani waliombwa wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu ili yachomwe kwa kazi hiyo.

Vita vilivyofika karibu nasi

Msomaji asidhani kwamba maovu haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka 1925 mataifa yalitia sahihi huko Geneva mkataba wa kukataza gesi za sumu vitani, na Italia ilikuwamo. Hata hivyo, tangu Desemba 1935, ndege za Italia ziliimwagia Ethiopia gesi ya haradali. Wanawake wa Addis Ababa, wakiongozwa na Binti Mfalme Tsehai, walishona bendeji na barakoa za vitambaa kwa ajili ya askari. Kazi hiyo ilikuwa ya kishujaa, lakini gesi ya haradali si hewa tu. Ni mafuta yanayodondoka na kuunguza ngozi, na wengi wa askari wale walikwenda miguu mitupu juu ya majani yaliyolowa sumu. Hata barakoa iliyo bora kuliko zote isingaliweza kuihifadhi miguu yao. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva akayashitaki maovu hayo mbele ya mataifa. Serikali ya Italia ilikiri wazi mwaka 1996, baada ya miaka 60.

Mafunzo kwa nyumba zetu

Historia hii yatufundisha jambo moja kuu: kinga hufanya kazi juu ya sumu ile tu iliyotengenezewa. Kwa hiyo tuangalie mambo matatu.

La kwanza ni sigiri, ambayo pwani huitwa seredani. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, hata yakiwa mekundu bila moshi. Makaa ya ndani ya barakoa hayawezi kuinasa gesi hiyo. Katika vita vile vile, waokoaji walioingia katika mapango ya wachimbaji ilibidi wabebe oksijeni yao wenyewe. Ikiwa barakoa ya jeshi haikutosha, leso yako itafaa nini? Wakati wa mvua na baridi wapo wanaoingiza sigiri chumbani, wakafunga mlango, wakalala wasiamke. Washa sigiri nje, pika mahali penye hewa, wala usilale nayo kwa sababu yoyote. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakiona kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja, kisha waende hospitali.

La pili ni dawa za kusafishia. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa klorini, ile ile ya Ypres. Usizichanganye kamwe, wala usizihifadhi katika chupa za soda.

La tatu ni dawa za kunyunyizia mimea. Mkulima anayejifunga kitambaa usoni anazuia vumbi, hazuii mvuke, tena dawa nyingine hupenya katika ngozi kama ilivyokuwa kule Ethiopia. Soma maandishi ya chombo, au mpe mtoto wa shule akusomee, na uvae kile kilichoagizwa.

Adui ajulikanaye ndiye azuilikaye. Kabla ya kuuliza nivae nini, uliza kwanza: sumu yenyewe ni ipi, nayo hupita wapi? Hadi juma lijalo, tuwatakieni heri na afya njema majumbani mwenu.