Simba Asiye na Uso

Mwaka 2019 kampuni ya Disney iliirudia filamu yake ya The Lion King, katuni iliyotoka mwaka 1994. Safari hii wanyama walitengenezwa kwa kompyuta hadi wakafanana na simba halisi wa Pori la Akiba la Rungwa, hapa mkoani kwetu Singida. Dakika 88 zikawa 118. Kilichopungua ni uso.

Simba wa katuni alipofiwa na baba yake, nyusi na midomo iliyochorwa kwa mkono ilibeba msiba wote. Simba wa pili analia kwa sauti ya mwigizaji, ilhali uso wake umetulia kama wa mnyama anayeota jua. Uso wa simba halisi haukuumbwa kwa huzuni ya binadamu.

Watambaji wa ngano zetu walilijua hilo zamani. Walimpa sungura ulimi na hila, wala msikilizaji hakuuliza kama manyoya yake ni ya kweli. Alimtambua mnyonge anayemshinda mwenye nguvu. Huo ndio ukweli alioufuata.

Hata hivyo, filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji: biashara imejifunza kwamba kumbukumbu za utoto huuzika hata zikiwa zimepoa. Vijana wetu wanaojifunza kuchora katuni wasiifanye faida hiyo kuwa kipimo cha sanaa. Siku watakapoipeleka hadithi ya sungura na fisi kwenye filamu, waanze na uso. Manyoya yatafuata.