Gunia la Kumi

Kijana wa sehemu ya Biashara, unauliza juu ya nini mwalimu anakusumbua na derive, wakati wewe unataka tu kujua kuuza na kununua. Ulizo lako ni zuri. Twende pamoja Bunagana, pale mpakani, ng'ambo ya Kisoro ya Uganda, mahali ambapo hata mtoto anajua duane ni kitu gani.

Tuseme mama mmoja anapitisha maharagi. Gunia moja linamgharimu dola 20. Akiuza kwa dola 40, hakuna mtu atanunua. Akishusha mpaka 39 anauza gunia moja, kwa 38 mawili, na vivyo hivyo. (Ni hesabu ya darasani tu, sokoni yuko na wenzake wanaouza pia.) Magunia tuyaite x. Bei ni 40 − x. Kila gunia linamwachia dola 20 − x, basi faida yote ni 20x − x².

Usikimbilie kanuni! Hesabu kwanza kwa mkono. Gunia moja: faida dola 19. Mawili: 36, lile la pili limeongeza 17. Tisa: 99. Kumi: 100. Kumi na moja: tunarudi 99. Ukichora kwenye daftari utaona kilima: kinapanda kwa nguvu, kinalala, kisha kinashuka. Derive ni kipimo cha mwinuko huo, nayo hapa ni 20 − 2x. Pale kileleni mwinuko ni sifuri, kwa hiyo x ni 10, na bei ni dola 30. Leibniz alitangaza namna hii ya kutafuta kilele mwaka wa 1684.

Sasa duane. Mama akitozwa dola 36 kwa safari nzima, apitishe machache ao mengi, faida inakuwa 20x − x² − 36. Derive haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa 36 haina x. Ataendelea na magunia 10, kwa dola 30, na atabaki na dola 64.

Lakini akitozwa dola 4 kwa kila gunia? Faida ni 16x − x², derive ni 16 − 2x. Magunia ni 8, bei ni 32. Yeye anabaki na dola 64 zile zile! Ni mnunuzi ndiye anaumia: maharagi yamepungua, bei imepanda. Na mwenye kutoza amepata dola 32 tu, kumbe kwa njia ya kwanza angepata 36.

Mfaransa Cournot alionyesha jambo hili mwaka wa 1838. Mfano wake ulikuwa mtu mwenye chemchemi ya maji ya dawa, aliye peke yake sokoni.

Pale Bunagana ilitoza serikali. M23 walipochukua mji Juni 2022, wakatoza wao. Derive haiulizi nani anatoza, inauliza anatoza namna gani.

Haya, shika kalamu. Ushuru ukiwa dola 6 kwa gunia, mama atapitisha mangapi, na kwa bei gani? Usipopata 7 na dola 33, rudi kwenye kile kilima ukihesabu tena kwa mkono.