Ufunguo Unaokaa Kichwani

Katika nyumba nyingi pana msumari ukutani, au bakuli juu ya kabati, mahali ambapo funguo hutakiwa kuwekwa, na ambapo aghalabu hazipo. Baba akitaka kutoka huuliza funguo ziko wapi. Mama huelekeza kabatini. Watoto hutumwa kupekua chini ya mito ya viti. Jambo hili huonekana dogo, na pengine huchekesha. Lakini iko namna moja ya kuukosa ufunguo isiyochekesha hata kidogo, nayo ni pale ufunguo unapoonekana waziwazi kwa macho, umelala juu ya kiti cha gari, na milango yote imekwisha jifunga.

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze juu ya kifaa kinachofaa sana siku kama hiyo, yaani kitasa cha gari kifunguliwacho kwa namba. Kifaa hiki si kipya. Kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kukiuza mwaka 1980 katika baadhi ya magari yake ya fahari, yakiwamo Thunderbird na Lincoln Continental Mark VI. Kwenye mlango wa dereva palitiwa vibonye vitano kwa safu moja, na kila kibonye kilibeba tarakimu mbili: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, 9 na 0. Mwenye gari alibonyeza tarakimu zake tano za siri, na mlango wake ukafunguka. Alipobonyeza kibonye cha 3 na 4 kabla ya sekunde tano kupita, milango mingine nayo ilifunguka. Na alipotaka kulifunga gari zima, alibonyeza kwa pamoja vibonye viwili vya mwisho. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka arobaini. Katika magari ya karibuni vibonye vimegeuka kuwa namba zinazowaka kwenye nguzo ya mlango, lakini mpango wenyewe haukubadilika sana.

Manufaa yake hayaonekani gari linapokuwa jipya dukani. Huonekana baadaye, katika mambo ya kila siku. Mtu aendaye kuogelea hana mfuko wa kutilia ufunguo, naye huweza kuuficha ndani ya gari na kwenda majini akiwa na amani. Mume amekwenda kazini kwa basi na ufunguo umo mfukoni mwake, kumbe karatasi za shule za mtoto zimebaki kwenye kiti cha nyuma. Mke huzichukua bila kumsubiri hadi jioni. Katika jimbo la Michigan, yaliko makao makuu ya Ford, majira ya baridi ni makali, na watu huiacha injini ikinguruma asubuhi ili gari lipate joto. Mwenye namba huweza kulifunga gari hilo huku ufunguo ukiwa ndani, mradi tu gari liwe nje, kwa maana moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa huua.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote. Mzazi amekwisha mfunga mtoto mchanga mkanda kwenye kiti chake. Ametupa mkoba mbele, na ufunguo umo mkobani. Anafunga mlango ili azunguke upande wa dereva, mara milango yote inajifunga. Hapo ndipo dakika zinapoanza kuwa na thamani. Mwaka 2005 madaktari wa California, Marekani, walichapisha matokeo ya vipimo vya joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Waliona kwamba katika muda wa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Sentigredi, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha upenyo mdogo wa dirisha hakukusaidia sana. Tena vipimo hivyo havikufanywa siku za joto kali tu. Hata siku ya nyuzi 22 nje, gari liligeuka tanuri.

Nchini Marekani, tangu hesabu ilipoanza kuwekwa kwa mwaka 1998, watoto zaidi ya 30 kwa wastani wamekufa kila mwaka kwa joto la ndani ya magari. Haifai kudanganyana: wengi wao walisahauliwa na mtu mzima, na wengine waliingia garini wenyewe wakicheza. Kitasa cha namba hakimkumbushi aliyesahau. Humfaa yule anayejua kwamba mtoto yumo ndani, amesimama nje ya kioo, na hana la kufungulia. Kwa mzazi huyo, tarakimu tano ni bora kuliko kumngoja fundi atoke mjini. Na asiyekuwa na namba asione haya wala asihesabu gharama: aite msaada mara moja, na akimwona mtoto analegea, avunje kioo kilicho mbali naye. Kioo hununuliwa.

Baadhi ya wasomaji watauliza, je, mwizi naye hawezi kubahatisha? Swali hili ni la haki. Sisi tumekwisha zoea namba za siri tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia, M-Pesa ikiwa imeanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Namba ya tarakimu nne kwenye simu ina mipangilio 10,000. Namba ya gari ina tarakimu tano, lakini kwa kuwa vibonye ni vitano tu, mipangilio yake ni 3,125. Tena anayedhani kwamba 13579 ni tofauti na 24680 anakosea, kwa sababu namba hizo mbili hubonyezwa kwenye vibonye vile vile, kwa utaratibu ule ule. Ndiyo sababu mitambo ya karibuni imewekewa kizuizi: mtu akikosea mara saba mfululizo, vibonye hulala dakika nzima. Mwizi atakayejaribu namba moja moja hadi mwisho atatumia zaidi ya saa saba katika kungoja tu, mbele ya macho ya watu.

Hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika hesabu, imo nyumbani. Namba iliyoandikwa kwa kalamu juu ya plasta na kubandikwa karibu na mlango si siri. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto unajulikana na mtaa mzima. Vibonye visivyofutwa vumbi huonyesha ni vipi vinavyoguswa kila siku, na mjanja akikwisha kujua kwamba vyote vitano vinatumika mara moja moja, mipangilio inayobaki ni 120 tu. Mtoto mdogo aliyefundishwa namba kwa ajili ya dharura, huitangaza shuleni kwa fahari. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi na kata zisiwe nyingi.

Anunuaye gari lililokwisha tumika awe na hadhari ya pekee. Mbali na namba ambazo mwenye gari hujiwekea na kuzifuta apendavyo, ipo namba ya kiwandani iliyochapwa kwenye kadi, nayo haifutiki kwa kufuta hizo nyingine. Mwenye gari wa kwanza akiikumbuka, bado anao ufunguo. Kadi hiyo haifai kuachwa kwenye kisanduku cha dashibodi. Mahali pake ni nyumbani, pamoja na hati za familia.

Na tusisahau kwamba kitasa hiki hula umeme. Betri ya gari ikifa, vibonye hufa pamoja nayo, na hapo ni ule ufunguo wa chuma tuliokuwa tukiudharau utakaofungua mlango. Hali kadhalika rimoti zinazofungua mlango kwa mawimbi ya redio zina udhaifu wake: mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari yanayomtambua mwenye rimoti bila hata kubonyeza, na yote walifaulu kuyafungua kwa kuyahadaa kwamba rimoti iko karibu. Hakuna kitasa kimoja kinachotosha kwa kila siku na kila shida.

Magari mengi tunayoyaendesha hapa kwetu hayana vibonye vya namba, na si lazima yawe navyo ili tufaidike na fundisho hili. Jioni ya leo, baada ya chakula, baba na mama wakubaliane mambo matatu: ufunguo wa pili unakaa wapi, nje ya gari, ni jirani au ndugu gani anayeweza kuuleta haraka, na kwamba mlango wa gari lenye mtoto haufungwi kamwe kabla ufunguo haujawa mkononi. Mazungumzo hayo hayachukui hata robo saa.