Kiingereza cha mapambo

Leo nitawaudhi baadhi yenu, mnisamehe.

Kuna huu mtindo wa kutumiana kwenye simu orodha za maneno mazito ya Kiingereza. Usiseme "beautiful", sema "exquisite". Bibi harusi anakariri shukrani kwa maneno hayo, na mama yake anayeshukuriwa amekaa mbele, hajui kama anasifiwa au anasemwa.

Nami nilikuwa hivyo. Sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza, tukakariri tusiyoyaelewa. Nikasomea ushonaji, nikafungua chumba changu hapa Kunduchi, na kila gauni nililopiga picha nikaliita "exquisite".

Kisha nikaagiza pamba kutoka nje, ya sare za shangazi sita wa bibi harusi mmoja. Karatasi ya muuzaji iliandikwa "shrinkage", asilimia 8. Sikulijua neno, na niliona haya kumuuliza mpwa wangu wa kidato cha pili. Nikajiambia ni mambo ya kodi. Kumbe ni onyo kwamba kitambaa kitarudi kikiloa! Nikakata bila kuloweka. Siku nne kabla ya nikaha magauni yakafuliwa, yakaanikwa, yakaishia juu ya vifundo vya miguu. Sare za stara hizo. Siku tatu sikutoka kwenye cherehani, naongeza marinda chini kwa pesa yangu.

Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kuwa hazikupita siku nyingi zaidi ya nusu mwezi akawa ameyaweza. Alijifunza kwa kazi: barua ziandikwe na zisomwe na mtu wa kuaminika. Si kwa kupamba hotuba.

Atakayesema nawabania wasichana elimu hajanielewa. Nataka mjue Kiingereza kikubwa kuliko hicho, kile cha mkataba wa ukumbi, cha karatasi ya mkopo, cha chupa ya dawa ya mtoto. Shoga yangu unajua "serendipity", halafu umesaini penye "guarantor" hujui kuwa wifi yako akishindwa kulipa utadaiwa wewe? Kwa Kiswahili ni mdhamini. Ungeliuliza.

Nunua daftari. Andika neno ulilokutana nalo kwenye karatasi iliyo mkononi mwako, si la kwenye orodha ya mtu, na muulize hata mtoto. Langu limefika maneno 63. La kwanza mnalijua.