Lubumbashi: Ekra ya 240 Hz haisaidii kitu kama mashine haiwezi kuilisha

Katika komini mbalimbali za mji wa Lubumbashi, kuanzia Kenya hadi Katuba na Kampemba, vijana wanaopenda michezo ya video wana neno moja mdomoni siku hizi: hezi. Zamani mtu alikuwa anauliza tu ukubwa wa ekra. Sasa anauliza kama ni ya 144, ya 165 ao ya 240, na wauzaji wamekwisha kuelewa kwamba namba ikipanda, bei nayo inapanda bila maswali mengi. Wenye vyumba vya michezo nao wanakusanya feza wanunue ekra hizo, wakitumaini wateja wataongezeka. Wengi wao wanatupa feza hizo bure.

Hezi inahesabu mara ngapi ekra inabadilisha picha katika sekunde moja. Ekra ya 60 Hz inabadilisha mara 60, yaani kila picha inakaa karibu milisekunde 16.7. Ya 144 Hz inafikia milisekunde 6.9, ya 240 Hz 4.2, na ya 360 Hz 2.8. Ukitazama hesabu hiyo vizuri, kutoka 60 kwenda 144 mchezaji anapata karibu milisekunde 10. Kutoka 144 kwenda 240 hazifiki hata 3, na kutoka 240 kwenda 360 ni moja na nusu tu. Hatua ya kwanza ndiyo kubwa, na jicho la mtu wa kawaida linaiona mara moja, hata kwa kusogeza mshale wa maus tu. Hatua zinazofuata ni ndogo, lakini ndizo zinauzwa kwa bei ya juu zaidi.

Lakini ekra haitengenezi picha, inaonyesha zile inazopewa. PlayStation 3 na PlayStation 4, ambazo bado ndizo nyingi katika vyumba vya michezo, hazipeleki kwenye ekra zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Mwenye chumba anayenunua ekra ya 240 Hz na kuifunga kwenye PlayStation 4 amelipa mara nne ili aone picha zile zile 60. PlayStation 5 inaweza kufika 120, lakini kwa michezo iliyoandaliwa hivyo, kama Fortnite ao Call of Duty Warzone. Michezo ya mpira ya EA Sports FC, ambayo ndiyo inajaza vyumba siku ya mungu mchana, inacheza kwa picha 60 hata kwenye PlayStation 5. Hakuna ekra itakayobadilisha hilo.

Kwa mpira kuna jambo lingine ambalo vijana wengi hawalifikirii. Wachezaji wawili wanatazama ekra moja. Ikichelewa, inachelewa kwa wote wawili, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Anayeumia ni yule aliyejizoeza nyumbani kwenye televisheni yenye kuchelewa, kiisha anafika kwenye mashindano anakuta ekra inayojibu haraka. Vidole vyake vimezoea kubonyeza mapema, na pasi zake zote zinaenda kwa adui. Kesho yake anasema maneti ilikuwa mbovu.

Kuchelewa huko ni tofauti na hezi, na ndiko kunaharibu mchezo zaidi katika vyumba vingi. Televisheni inapopokea picha huwa inaifanyia kazi kwanza: inaongeza rangi, inalainisha mwendo, inatunga picha za katikati ambazo mchezo haukuzitoa. Ndipo zinatoka zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye kartoni, ambazo mara nyingi ni za matangazo kuliko za ekra yenyewe. Kwa filamu haina shida. Kwa mchezaji, kazi hiyo yote ni muda unaopita kati ya kidole chake na bao. Karibu televisheni zote za miaka hii zina hali ya mchezo ndani ya mipangilio yake, inayozima mapambo hayo. Haigharimu hata franka moja, na inaweza kuokoa milisekunde nyingi kuliko zile ambazo mtu angelipia kwa kupanda kutoka 144 kwenda 360. Hata hivyo kuna vyumba ambako rimoti imepotea tangu zamani, na hakuna aliyewahi kufungua mipangilio hiyo.

Wanaocheza kwenye kompyuta wana haki ya kudai ekra ya mbio. Counter-Strike 2 na Valorant ni michezo ya kufyatua kabla ya mwenzako, na kumwona adui milisekunde 10 mapema wakati anatokea kwenye kona ni faida ya kweli. Ndiyo maana mashindano makubwa ya dunia yanatumia ekra za 240 Hz na kuendelea. Ila wachezaji wale wanakaa mbele ya mashine zinazotoa mamia ya picha kwa sekunde, na zimeunganishwa kwa kable ndani ya ukumbi mmoja. Kijana wa Ruashi mwenye kompyuta ya okazio inayotoa picha 70, tena anayecheza kwa megabaiti za telefone na seva ya karibu ya Counter-Strike iko Johannesburg, hawezi kununua ushindi wao kwa kununua ekra yao. Achunguze kwanza mashine yake inatoa picha ngapi. Mchezo wenyewe unaonyesha namba hiyo ukiwasha katika mipangilio. Kama hazipiti 100, feza ziende kwenye karte grafiki ao memori. Kama zinafika 150, ekra ya 144 ao 165 Hz, ya inchi 24, inatosha kabisa.

Kwenye magazini, usiamini sana "1 ms" iliyoandikwa kwenye kartoni. Kwa kawaida imepimwa katika hali ambayo hakuna anayecheza nayo, maana ukiiwasha picha inaacha kivuli nyuma ya kila kitu kinachokimbia. Ekra za aina ya VA zina weusi mzuri lakini nyingi zinavuta rangi za giza kama moshi. Za IPS za leo zinaenda haraka na rangi zake zinabaki hata ukitazama ukiwa pembeni, jambo lenye maana pale watu watano wamesimama nyuma ya mchezaji. Za TN ni za haraka pia, ila rangi zinapauka. OLED inazishinda zote, na bei yake inafaa iachiwe wenye migodi.

Kable nayo imewadanganya wengi. Tundu la HDMI la kompyuta ya zamani mara nyingi linaishia 120 Hz, hivyo ni vema kutumia DisplayPort kama ipo. Tena Windows yenyewe inaweza kuacha ekra ya 144 kwenye 60 hadi mtu aingie katika mipangilio ya ekra na kuchagua mwenyewe. Bila shaka kuna vijana mjini wanaojisifia 144 na ambao hawajawahi kuiona.

Kwa upande wa umeme, kila mkaaji wa Lubumbashi anajua namna SNEL inavyokata na kurudisha, na namna umeme unavyorudi wakati mwingine na nguvu isiyo ya kawaida. Ekra ya bei kubwa bila stabilizateri nzuri ni mchezo wa bahati nasibu. Anayepanga dola za ekra bila kuweka pembeni za stabilizateri anapanga nusu ya safari, na vifaa vingi vinavyoingia kupitia Kasumbalesa havina garanti ambayo mtu anaweza kuidai.

Wenye vyumba vya michezo wangefanya vema kuandika mlangoni namba ya kweli, ile ambayo mashine inatoa, maana wateja wao ni watoto wanaolipa kwa feza za kubeba maji na kuuza kredi. Wanaonunua okazio sokoni nao waende na kompyuta yao ao ya rafiki, waombe ekra iwashwe mbele yao, wafungue mipangilio wahakikishe 144 inaonekana, kiisha wasogeze dirisha haraka kwenye ekra na kutazama kama maandishi yanasomeka. Muuzaji akikataa kuwasha, duka linalofuata haliko mbali.