Tiketi za theluji: malipo ya mapema ni deni

Tangu 2008 kampuni ya Vail Resorts ya Marekani inauza Epic Pass, tiketi moja ya msimu mzima kwa milima yake mingi ya kuteleza kwenye theluji. Fedha huingia kabla theluji haijaanguka. Mwaka 2021 ilipunguza bei kwa asilimia 20, zikauzwa tiketi zaidi ya milioni 2. Msimu huohuo, huko Stevens Pass, foleni zilirefuka, wafanyakazi wakapungua, na watu zaidi ya 40,000 wakatia saini malalamiko.

Vituo vidogo navyo hukosa wateja waliokwisha kulipa kwingine. Baadhi vimejiunga na Indy Pass, iliyoanza 2019.

Mwenye hisa asihesabu tiketi zilizouzwa tu. Aulize wangapi watarudi kununua.