Akitoka hospitali, analala wapi?

Mguu ukivunjika mgodini, unaandikwa kwenye rejista. Lakini mwenzetu akianza kuongea peke yake usiku, au akiwa hawezi kuanza siku bila kopo ya lutuku, huyo haandikwi popote. Anasubiriwa tu akosee.

Kwenye mlango wa migodi mingi kuna mashine ya kupima pombe. Unapuliza, unarudishwa nyumbani, ikirudia unapewa barua. Sisi wa sendika hatupingi mashine: mlevi juu ya lori kubwa anaua wenzake. Ila mashine inapima, haitibu. Na mtu wa sous-traitance, barua moja inamtosha. Mwaka 2021 mashirika RAID na CAJJ yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi mitano mikubwa ya Kolwezi walikuwa wa namna hiyo.

Nyumbani wanasema: "Balimuloga." Anapelekwa kwa pasta, kwa nganga, feza inaisha. Mwenye bahati anafikishwa Lubumbashi, karibu kilometa 300, kwenye kituo cha Dr Joseph Guislain cha mabruda wa Frères de la Charité. Pale kuna dawa na wauguzi. Kisha anarudi kartier ileile, nganda iko mbele ya mlango wake, na siku ya mshahara marafiki walewale wanamuita. Nani atashinda hapo peke yake?

Marekani, mwaka 1975, huko Silver Spring, kikundi cha walevi waliokuwa wanapona kiliambiwa nyumba yao inafungwa. Mmoja wao, Paul Molloy, pamoja na wenzake, wakaipanga wenyewe. Hakuna mkubwa ndani. Wanapiga kura, wanagawana kodi na kazi za nyumba, na anayerudia pombe anatoka. Leo nyumba hizo, Oxford House, ni maelfu.

Tutaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Kwani likelemba tulifundishwa na nani? Mama zetu wanashika feza ya watu kumi bila benki na bila polisi, na anayekula zamu ya mwingine anajulikana mtaa mzima. Watu sita walioacha pombe wanaweza kukaa hivyo nyumba moja, Dilala au Manika, na kuangaliana.

Si kila mgonjwa atafaa. Anayesikia sauti anahitaji dawa yake kila siku na muuguzi wa kumtembelea. Wenzake watamkumbusha kidonge, hawatamtibu. Na wanawake je? Kuna mama wanaoosha madini wanaokunywa kwa siri, aibu yao ni mara mbili. Wao wapate nyumba yao.

Kodi ya kila mwezi wakaaji wataitafuta. Kinachoshinda ni garanti, ile ya miezi mingi ambayo mwenye nyumba anadai kwanza. Hapo ndipo kampuni iingie, mara moja tu, halafu itoke. Na nafasi ya kazi isubiri: sheria ya kazi inasema mkataba wa mgonjwa unasimama, hauvunjiki palepale. Tunataka mapatano ya pamoja yaandike wazi kwamba ulevi na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama kifua.

Wakati huo huo, mwenye nyumba ya kupangisha asiyeogopa neno "wazimu", aje tuzungumze.